Nairobi Ilipokuwa Tawi la Kisumu

Mnamo 1938, mkazi wa Nairobi aliyetaka kwenda London kwa ndege alianza kwa kwenda Kisumu. Alipanda kindege cha Wilson Airways, akavuka Bonde la Ufa na nyanda za juu za Mau, akashushwa kando ya Ziwa Victoria. Huko, ikielea majini, ilimsubiri ndege ya injini nne iliyotoka Durban na kupitia Beira, Dar es Salaam na Mombasa. Barua za Nairobi zilifuata njia hiyohiyo. Mji mkuu wa koloni, pamoja na gavana wake na makao makuu ya reli, ulikuwa tawi. Shina lilipita Kisumu.

Waambie hayo abiria wanaopanga foleni leo pale uwanjani, kando ya barabara ya Busia, na wengi watadhani unawatania. Uwanja wenyewe unaitwa wa kimataifa, lakini karibu ndege zote za abiria zinazotua hapo zimetoka Nairobi na zitarudi Nairobi. Safari ni ya chini ya saa moja. Hujamaliza soda umeanza kuliona ziwa. Historia ya uwanja huu imekwenda kinyumenyume: ulianza ukiwa mlango wa dunia, ukaishia kuwa kituo cha nyumbani, na miaka hii ya karibuni unajaribu kurudi ulikotoka.

Ili kuelewa kwa nini Kisumu ilichaguliwa, lazima tuanze na reli. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika ufukweni mwa ghuba ambayo Waingereza waliiita Kavirondo na ambayo sasa ni Winam. Mji ukapewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Jina halikudumu. Reli ndiyo iliyodumu, na meli zake nazo: vyuma vya meli vilisafirishwa vipande vipande hadi Kisumu, vikaunganishwa hapo na kuteremshwa ziwani kwenda Entebbe, Bukoba na Mwanza. Kwa hiyo wasafiri wa anga walipoanza kutafuta mahali pa kutua katikati ya Afrika, walikuta Kisumu ina vitu viwili ambavyo havikupatikana pamoja kwingineko kwa urahisi: maji mapana yasiyohitaji kulimwa wala kusawazishwa, na treni ya kuleta petroli kutoka bandari ya Mombasa.

Wa kwanza kujaribu kuigeuza bahati hiyo kuwa biashara alikuwa Kapteni T. A. Gladstone. Mwaka 1927 aliendesha safari za majaribio kati ya Khartoum na Kisumu kwa ndege ya majini iliyoitwa Pelican. Wazo lilikuwa kuufuata Mto Nile na maziwa yake, kwa kuwa palipo na maji rubani hahitaji uwanja. Ajali na hasara zikaua mradi huo mapema. Gladstone hakukata tamaa na njia ya Afrika, lakini hakuishi kuyafaidi matunda yake: alikufa Mei 1931 katika ajali ya ndege kwenye milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, pamoja na tajiri mpenda kasi Glen Kidston. Wakati huo njia aliyoiota ilikuwa na umri wa miezi miwili tu.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilituma ndege ya kwanza ya ratiba kutoka uwanja wa Croydon, London, kuelekea Mwanza. Kusema “ndege” ni kurahisisha mambo. Msafiri alibadilisha vyombo njiani mara kadhaa, akiingia hata kwenye treni, na sehemu ya kutoka Khartoum hadi Ziwa Victoria aliifanya ndani ya Short Calcutta, ndege-boti ya injini tatu yenye viti 15. Mwaka uliofuata, Januari 1932, njia ilirefushwa hadi Cape Town. Mwanza ikaachwa, Kisumu ikawa mahali pa kubadilishia: boti kutoka Khartoum iliishia majini, na abiria wakaendelea kusini kwa ndege ya magurudumu iliyowangoja nchi kavu. Safari nzima, London hadi Cape Town, ilichukua siku kumi na moja hivi. Kwa meli ilikuwa zaidi ya majuma mawili, kwa hiyo aliyelipa nauli hiyo alinunua siku chache tu, tena kwa bei ya watu wachache mno.

Ndege zenyewe zilibadilika mwaka 1937, na hapo ndipo Kisumu ilipopata miaka yake miwili ya utukufu. Imperial Airways iliagiza boti 28 za aina moja kutoka kiwanda cha Short kabla hata ya ya kwanza kurushwa kwa majaribio. Zilikuwa na injini nne, mabawa ya karibu mita 35 kutoka ncha hadi ncha, na sitaha mbili: ya juu ya rubani na mizigo ya posta, ya chini ya abiria wasiozidi 24. Ilikuwepo hata sehemu ya kusimama na kutazama nje kupitia madirisha, jambo ambalo abiria wa leo, aliyefungwa mkanda magoti yakigusa kiti cha mbele, anaweza kulionea wivu. Lakini boti hizo hazikuundwa kwa ajili ya starehe. Ziliundwa kwa ajili ya barua. Serikali ya Uingereza iliamua kwamba barua ya kawaida kwenda sehemu kubwa ya himaya yake isafirishwe kwa ndege bila malipo ya ziada, kwa peni moja na nusu kwa kila nusu aunsi. Mpango huo ulianza Juni 1937, na njia yake ya Afrika ilikuwa hii: Southampton, Bahari ya Mediterania, Misri, Mto Nile hadi Juba, Port Bell karibu na Kampala, Kisumu, kisha moja kwa moja Mombasa na kushuka pwani hadi Durban.

Nairobi haimo. Haina maji ya kutosha kutua chombo kama hicho. Hapo ndipo Wilson Airways ilipopata kazi yake. Kampuni hiyo ilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, mjane aliyeweka fedha zake katika biashara ambayo wanaume wengi wa wakati wake waliiona ni kamari. Uwanja aliouacha Nairobi ndio tunaouita Wilson hadi leo. Kumbe basi Kisumu, mji ulioanza kwa jina la Florence mmoja, uliunganishwa na Nairobi angani na Florence mwingine.

Kutua majini kunaonekana rahisi mpaka uelezwe. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, injini zinapungukiwa nguvu na mabawa yanahitaji kasi zaidi ili yainue mzigo uleule, kwa hiyo chombo kilichoruka Mombasa kwa mwendo mfupi kilihitaji maji marefu zaidi Kisumu. Maji yakitulia kabisa ni shida nyingine. Rubani anayetua hawezi kuona uso wa maji uko wapi hasa, na anayeruka hujikuta tumbo la boti limegandamana na ziwa halitaki kuachia. Dawa ilikuwa kutanguliza boti ya mota ivuruge maji. Boti hiyohiyo iliangalia magogo, nyavu na viboko. Mchana pepo za ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, mawingu hujikusanya upande wa Nandi na Kericho na kuleta radi na mvua ya mawe. Usiku dhoruba huhamia katikati ya ziwa. Mvuvi yeyote wa Dunga anaijua ratiba hiyo bila kusomea. Marubani iliwabidi wajifunze, nao katika njia hii hawakuruka usiku. Abiria walilala njiani, na Kisumu ilikuwa moja ya vituo vya kulala.

Kisa cha boti iliyoitwa Corsair kinaonyesha thamani ya maji ambayo Kisumu ilipewa bure. Machi 1939 Corsair ilikuwa ikirudi Uingereza kutoka Durban. Ilipita Ziwa Victoria salama, ikapotea njia kati ya Port Bell na Juba, na petroli ikikaribia kuisha rubani akaitua kwenye mto mwembamba wa Dungu karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji. Iligonga mwamba, ikatoboka, lakini hakuna aliyekufa. Kuitoa mle kulichukua miezi kumi. Mafundi waliikarabati, ikajaribu kuruka ikagonga tena. Mwishowe vibarua Wakongo walijenga barabara ya kuleta vifaa na bwawa la kuupandisha mto, wakatengeneza ziwa dogo kwa mikono ili ndege ipate urefu wa kukimbia. Iliruka Januari 1940. Vitabu vya anga vinawataja marubani na wahandisi wa kisa hicho kwa majina. Waliobeba mawe ya bwawa hawatajwi, na ndivyo ilivyo pia kwa Wajaluo waliofunga kamba na kupakia petroli na mifuko ya posta pale Kisumu.

Vita vilipoanza Kisumu haikufungwa. Ilipata njia ndefu zaidi. Italia ilipoingia vitani Juni 1940 na Mediterania kuwa hatari, ndege zilizokwama upande huu ziliunganishwa kwenye njia iliyopinda: Durban, Mombasa, Kisumu, Khartoum, Cairo, kisha Karachi, Calcutta, Singapore hadi Sydney. Barua ya askari wa Australia iliweza kulala Kisumu.

Lakini vita hivyohivyo ndivyo vilivyoiua ndege-boti. Majeshi yalijenga njia za kurukia za nchi kavu kila mahali, na ndege kubwa za magurudumu zikawa za kasi na za gharama ndogo. BOAC, mrithi wa Imperial Airways, ilirudisha ndege-boti Afrika mwaka 1948 kwa muda mfupi, zikifika hadi Vaaldam karibu na Johannesburg. Safari hii kituo cha ziwani kilikuwa Port Bell, na Nairobi ilihudumiwa kupitia Ziwa Naivasha. Kisumu ikarukwa. Novemba 1950 BOAC iliachana na boti kabisa, na Embakasi ilipofunguliwa Nairobi mwaka 1958 mambo yakapangika kama tunavyoyajua.

Miaka hamsini iliyofuata haina mengi. East African Airways, iliyoanza kuruka 1946, iliifanya Kisumu kituo cha ndani; shirika lilipovunjika 1977, Kenya Airways ikachukua nafasi. Njia ya kurukia ilikuwa ya kilomita mbili, jengo la abiria dogo, na aliyesafiri kwa ndege kwenda Kisumu alikuwa waziri, mkurugenzi wa kampuni ya sukari au mzungu wa mradi. Wengine tulikuwa wa basi la usiku.

Hata ziwa lenyewe liligeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gugu maji lilionekana upande wa Kenya, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam. Wavuvi walikwama ufukweni, meli zikashindwa kutia nanga. Mbawakawa walioletwa kulila walisaidia, hata hivyo gugu hurudi kila mbolea na majitaka yanapoteremka na mito. Mtu akitaka leo kurudisha ndege-boti Kisumu kwa ajili ya utalii, wazo ambalo husikika mara kwa mara mezani penye samaki, itabidi kwanza aniambie atatua juu ya nini.

Upanuzi wa uwanja ulifanyika wakati wa Rais Mwai Kibaki. Njia ya kurukia ilirefushwa hadi kilomita 3.3, jengo jipya la abiria likajengwa, na mwaka 2012 uwanja ukawa na hadhi ya kimataifa. Urefu huo si majivuno: kwa joto la adhuhuri na hewa nyepesi ya huku, ndege yenye mzigo inahitaji nafasi. Na mzigo uliotajwa zaidi ulikuwa samaki. Minofu ya mbuta, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 na kuwala wenzake wengi, huuzwa Ulaya, nayo husafirishwa kwa malori yenye barafu hadi Nairobi kabla ya kupanda ndege. Hesabu ilikuwa kwamba minofu ipande hapahapa.

Mwanza, iliyoachwa na Imperial Airways mwaka 1932, ilitangulia katika hilo. Miaka ya 1990 na 2000 ndege kubwa za mizigo zilitua Mwanza na kuondoka na minofu, jambo lililojulikana duniani baada ya filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004. Wakati Kisumu inapata njia ndefu, mbuta mwenyewe alikuwa amepungua na viwanda vya kando ya ziwa vilikuwa vikifungwa. Kwa maoni yangu uwanja haukuchelewa kwa sababu ya uzembe wa wahandisi. Ulijengwa kwa ajili ya ziwa la miaka ishirini nyuma.

Kilichoujaza ni watu. Mashirika ya nauli nafuu yalipoingia, hasa Jambojet iliyoanza kuruka 2014 na Kisumu ikiwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo, mwalimu na mfanyabiashara wa soko la Kibuye waliweza kulinganisha bei ya tiketi na ya basi. Barack Obama alitua hapa akiwa seneta Agosti 2006, na tena Julai 2018 alipokwenda Kogelo kwa ufunguzi wa kituo cha vijana cha dada yake. Mei 2022 wajumbe wa mkutano wa miji ya Afrika, Africities, waliujaza mji ambao si makao makuu ya nchi yoyote.

Ila msafiri wa kudumu wa njia hii ni mfiwa. Mjaluo huzikwa nyumbani kwake, aliko baba yake na alikoweka boma, hata awe ameishi Mombasa au Minnesota miaka arobaini. Kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, iliyomalizika 1987 kwa yeye kuzikwa Nyalgunga, Siaya, ilionyesha nchi nzima jinsi jambo hilo linavyochukuliwa kwa uzito. Waziri Tom Mboya alipouawa Julai 1969, msafara wa mwili wake ulikwenda kwa barabara kutoka Nairobi hadi Rusinga, ukipita katikati ya umati na gesi ya machozi. Siku hizi jeneza laweza kuja kwa ndege, na jamaa nao. Ijumaa utawaona: mabinti wa Nairobi na miwani myeusi, wazee walioshika kofia zao mapajani, kijana wa kamati anayepiga simu kuuliza kama hema limefika. Jumapili jioni walewale wanarudi, sauti zimekauka. Oktoba 2025 aliyekuwa waziri mkuu, Raila Odinga, alipofariki India, mwili wake ulifikishwa Nairobi, kisha ukaletwa Kisumu kwa ndege, ukaagwa kwenye uwanja wa michezo wa Mamboleo na kupelekwa Bondo. Siku hiyo mji wote ulikuwa barabarani.

Uwanja nao una majirani, na majirani hawasafiri. Ardhi yake ilikuwa ya watu wa Kogony. Upanuzi uliondoa maboma, na boma la Mjaluo lina makaburi. Mabishano ya fidia yaliandamana na kazi hiyo kwa miaka. Kati ya ua wa uwanja na maji kuna Usoma, kijiji cha wavuvi kilichobanwa pande mbili. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa, vijiji vya ufukweni kama hiki vililazimika kusogea, na Usoma nyuma yake kuna ua wa waya na ndege.

Ukitaka kuona uwanja wa ndege wa kijiji cha watalii, nenda visiwani. Rusinga ina kiwanja kidogo kilichowahudumia hasa wageni wa hoteli. Kwa miaka mingi biashara ya utalii wa visiwa hivi ilikuwa hii: mgeni aliyelala Maasai Mara alirushwa asubuhi kwa kindege, akavuka milima ya Kisii, akavua mbuta wa kupigwa naye picha, akala, akarudi kwa simba jioni au kesho yake. Kisumu hakuiona. Wachache walikaa muda wa kutosha kupanda Mfangano kutazama michoro ya kale ya miamba ya Mawanga na Kwitone, au kuuliza kuhusu fuvu la sokwe wa kale ambalo Mary Leakey alilifukua Rusinga Oktoba 1948 na kulisafirisha mwenyewe kwa ndege hadi London. Fuvu hilo la mamilioni ya miaka lilipewa tiketi ya bure.

Barabara ya tuta iliyojengwa miaka ya 1980 kuunganisha Mbita na Rusinga ilizuia mkondo wa maji, na daraja limechukua nafasi yake. Mfangano bado ni kwa chombo. Mkazi wa Sena, kisiwani humo, anayetaka kufika Nairobi kwa ndege hupanda boti ya mota zaidi ya saa moja hadi Mbita, akasubiri feri ya Luanda K’Otieno, akavuka ghuba, kisha akapanda matatu ya Kisumu kupitia Ndori na Kisian. Jumla ni nusu siku, ziwa likiwa shwari. Akiwa na bahati, kondakta atamshusha langoni mwa uwanja bila kumpeleka kwanza stendi.